Sirili Onesphory Kessy na Shilingi Iliyokataa Kurudi Sita (1951–2024)

Mpendwa wetu Sirili Onesphory Kessy alizaliwa Jumatatu, tarehe 12 Machi 1951, katika kihamba hiki hiki, shamba la ukoo tunalolikanyaga leo, hapa Uru. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Onesphory na Mama Margareta, wote wametangulia. Siku anazaliwa hapakuwa na shilingi ya Tanzania wala shilingi ya Kenya. Palikuwa na shilingi, basi. Ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na mtu angeweza kutoka nayo hapa mgombani akafika nayo Kisumu asiulizwe kitu. Jambo hili tunalitaja mapema, kabla hata ya ubatizo wake, kwa sababu asiyelijua hataelewa kilichompata mzee huyu maishani.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa hapa Uru, akamaliza mwaka 1966. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa mwandiko. Mwaka huo huo aliomaliza shule ndipo kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake, na watu wakaingiwa na hofu. Mzee Onesphory alikuwa akipeleka ndizi soko la Taveta, upande wa Kenya, na Jumamosi moja akamchukua Sirili amsaidie kusoma noti, asije akapunjwa. Walipofika kwa muuza nguo, Sirili akazilaza noti mbili kando kwa kando, ya kwetu na ya kwao. Muuza nguo akazitazama, akasema, "Moja kwa moja, mzee. Ni picha tu zimebadilika." Baba yake alicheka njia nzima hadi Himo. Kisa hicho Sirili alitusimulia mpaka tukachoka, na kila aliposimulia alinyanyua kidole kimoja cha shahada, kama vile bado kuna mtu anambishia.

Mwaka 1969 aliajiriwa karani wa tiketi katika reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kituo cha Moshi, na mwaka 1973 akahamishiwa Taveta. Mshahara ulikuwa wa shilingi na shilingi ilikuwa shilingi. Akiwa huko ndipo alipomposa Yuditha, binti wa wakulima wa vitunguu wa Kahe. Walifunga ndoa tarehe 24 Agosti 1974. Wajomba wa Kahe walinung'unika kwamba mbege ya Uru, pombe yetu ya ndizi, imeletwa ikiwa kali mno, lakini tuliohudumia tunakumbuka kwamba hakuna pipa lililorudi na kitu. Mwaka uliofuata akazaliwa Rachel, kifungua mimba, akafuata Herbert, na mwisho Kindness.

Februari 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka ukafungwa. Sirili alirudi kwa miguu na godoro begani, Yuditha nyuma yake na jiko la mafuta ya taa kichwani, Rachel mgongoni. Akarudi kwenye kahawa ya baba yake. Miaka ile mnaikumbuka, hakuna haja ya kuipamba. Sabuni ilikuwa hadithi. Redio ilisema shilingi ya kwetu na ya Kenya bado ni ndugu sawa, lakini aliyevuka gizani kwenye mashamba ya mahindi na kilo zake za kahawa alijua bei halisi, na haikuwa ya redioni. Sirili hakuwa malaika. Familia haisemi zaidi ya hapo.

Mpaka ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983, alishuka Holili, mpakani, na mkoba wa ngozi akaanza kazi iliyomlea yeye na sisi, ya kuchenji hela. Wakati ule haikuwa kazi halali. Na kwa kuwa askari mstaafu aliyemkamata mara mbili yupo hapa, amekuja kutupa pole na amekula pilau yetu, hatuoni sababu ya kuficha. Baadaye sheria ililegea na Sirili akawa na meza yake, na watu wa pande zote mbili wakamjua. Salamu yake ilikuwa moja. Hata mtoto aliyetakiwa kumpa shikamoo alianza na, "Babu, leo ni ngapi?"

Naye alijibu, akachukiwa kwa kujibu. Mwaka 1986 ya Kenya moja ilitaka mbili za kwetu. Miaka miwili baadaye ilitaka tano na ushee. Ulipoingia mwaka 1990 ilikuwa nane, na 1992 tisa. Mama aliyeuza mahindi yake alfajiri alimtolea macho Sirili saa nne kana kwamba Sirili ndiye aliyekaa usiku akaipanga bei. Wapo waliomwita mnyonyaji. Aliwaambia yeye anasoma tu, mwandishi hamjui. Tena hakuna aliyeumizwa na namba zile kuliko yeye, maana wenzake wote mezani walizikuta zikiwa zimeshapanda, yeye alizaliwa kwenye moja. Moyoni mwake aliamini, na hapa ndipo palipo shina la yote, kwamba ile shilingi imepotea njia tu na iko siku itarudi nyumbani.

Basi mwaka 1993 ikaanza kurudi. Ya Kenya iliteleza kwa namna ambayo Holili hawajawahi kuiona. Tisa ikawa nane, nane ikawa saba, na kufika katikati ya mwaka ikawa sita. Sirili alipanda Uru na kilo tatu za nyama siku isiyo ya sikukuu, akamwambia mkewe, "Yuditha, sita!" Yuditha alidhani mumewe ana homa.

Rachel alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka wa nyuma na alitaka uuguzi, hakutaka kitu kingine. Chuo kimoja cha hapa nchini kilikuwa kimeshamwita. Mama yake alisema aende cha karibu, mtoto wa kike umwone. Lakini Sirili alikuwa ameona sita. Alitafuta chuo upande wa pili, ndani ya Kenya, akapiga hesabu, akaona ada ya miaka mitatu anaimudu, na kwa jinsi bei inavyokwenda, mwaka wa tatu utakuwa rahisi kuliko wa kwanza. Yuditha alipobisha alimjibu kwamba Mungu anairudisha ile moja na wameshafika sita, sasa kwa nini wamwekee mtoto mipaka. Barua ya chuo cha hapa ikajibiwa kwa shukrani. Septemba 1993 Rachel akavuka na tranki jipya la bati, na baba yake ndiye aliyelibeba.

Jamani, hakuna aliyemroga. Mwaka uliofuata ya Kenya ilijikung'uta ikasimama, na ya kwetu ikaendelea kulegea. Sita ikawa saba, ikawa tisa, na kufikia Krismasi ya 1994 ilikuwa karibu kumi na mbili. Ada haikuongezwa hata senti. Iliandikwa vile vile kwenye karatasi ile ile, lakini kwa mtu wa Uru ilikuwa imezaa pacha. Iliuzwa kahawa, wakauzwa ng'ombe wawili, vikauzwa vitunguu vya Kahe ambavyo Yuditha aliviomba kwa kaka zake. Sirili alikaa kwenye meza yake ya kubadilisha fedha, akiandika kwa chaki kila asubuhi ile namba iliyokuwa ikimfukuza binti yake shuleni, kisha akiwahudumia wateja. Afanyeje? Asipoiandika yeye ingeandikwa na meza ya jirani.

Januari 1995 Rachel alirudishwa, akiwa na mwaka mmoja na nusu mbele yake. Baba yake alimwambia, "Itashuka tu, mama. Subiri kidogo." Rachel akasubiri. Mwezi Juni chuo cha hapa nchini kilituma salamu kupitia kwa sista mmoja kwamba nafasi ipo, aende kabla ya Septemba, ingawa ataanza upya. Sirili alisema kuanza upya ni kutupa mwaka mzima wa watu, na bei imeshaanza kushuka. Na kweli ilikuwa inashuka. Mwishoni mwa mwaka ilifika kumi, naye akapanda Uru akiimba. Lakini ilipofika kumi ilikaa hapo. Chuo cha Kenya kikaandika kwamba nafasi ya Rachel amepewa mwingine, na cha hapa kikawa kimejaa zamani.

Tulikuwepo sebuleni siku barua ile iliposomwa. Rachel hakulia. Alimtazama baba yake akasema, "Baba, wewe unaisubiri pesa. Mimi nilikuwa nasubiri nini?" Wiki iliyofuata alivuka tena, na safari hii tranki alilibeba mwenyewe. Alifikia Voi, huko huko Kenya, akajifunza kushona, akaolewa huko, akapata watoto wawili, Eliza na Given. Sare za wanafunzi wa Voi nyingi zimepita mikononi mwake. Muuguzi hakuwa.

Toka hapo baba na binti walikuwa na maneno mawili. Alipokuja kumzika bibi yake Margareta mwaka 2004 alimpigia baba yake goti, "Shikamoo baba," akajibiwa, "Marahaba," na kabla chakula hakijapakuliwa alikuwa ameshaondoka. Kwa mama yake alipiga simu kila Jumapili. Jina la baba halikupita. Sirili naye alikuwa na shingo ngumu. Tukimgusia alisema yeye si Benki Kuu. Ya Kenya ikafika kumi na tano, ikafika ishirini, ikapita ishirini na mbili. Sita haikurudi, na mpaka tunamlaza hapa haijarudi. Mwaka 2016 magoti yalimshinda, akaiacha meza, akabaki na redio yake.

Julai 2023 alianza kulalamikia mgongo. Hospitali mjini Moshi walikuta saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Ukoo uliitisha kikao, watu wakaahidi vizuri sana, na Herbert akaenda kumwuliza daktari tuanze na nini. Daktari akamkalisha chini akamweleza kwa upole kwamba dawa za maumivu zipo, na zaidi ya hizo hakuna tunachoweza kununua. Tulirudi nyumbani na michango yetu mfukoni. Hakuna kitu kinachochosha kama kuwa na nguvu za kusaidia na kukosa pa kuziweka.

Januari 2024 watu wa Holili walimpigia simu mzee kumchangamsha: ya Kenya imeanguka, imeshuka chini ya kumi na sita, haijawa hivyo miaka mingi. Walidhani atafurahi. Sirili alizima redio akageukia ukutani. Yuditha alipomletea mtori, supu yake ya ndizi, alimkuta analia. Akamwambia mkewe maneno ambayo tangu 1995 hakuna aliyeyasikia kinywani mwake. "Bei sikuipanga mimi. Lakini kumsubirisha, nilimsubirisha mimi. Ningemwambia mapema kwamba sina, angekuwa nesi."

Hapo akaamua kumpelekea Rachel isale. Kwa wageni waliotoka mbali tueleze kidogo: isale ni huu mmea wa majani marefu mnaouona umezunguka kihamba na makaburi yetu. Mchagga aliyekosa hufunga fundo katika jani lake akampelekea aliyemkosea, kwa mkono wa mtu anayeheshimika. Anayelipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mzazi kumpelekea mtoto wake isale ni jambo la nadra, wengine wetu hatukuwahi kuliona. Herbert alimpa simu, akamwambia baba ongea naye tu, dakika mbili. Mzee akaisukuma. Alisema msamaha hauombwi kwa simu, simu ni ya kuulizia bei.

Jumatano, tarehe 17 Aprili 2024, mvua ikinyesha, alitoka na mkongojo mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani mwenyewe, akalifunga fundo. Akamkabidhi dada yake Theopista, aliyekuwa amevaa kama anakwenda kumposea mtu. Theopista akalizungushia kitenge kipya akashuka Holili.

Mpakani pale alikutana na kijana wa ukaguzi wa mimea. Tunapenda ieleweke kwamba kijana yule hakuwa na kosa. Alimwamkia vizuri, akaomba kuona kilichomo kwenye kitenge, akasema mmea hauvuki bila cheti. Theopista akamweleza kwamba huo si mmea, ni msamaha. Kijana, ambaye si wa huku, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mama, nakuelewa kabisa, lakini hili linaweza kuota." Na kweli isale ukilichomeka linachipua. Likawekwa kwenye pipa la taka pamoja na miche ya maparachichi ya mtu mwingine.

Hapo ndipo shangazi wa watu alipopotelewa. Taveta masale yapo, lakini hayakuchumwa na mkono wa Sirili, na isale halibadilishwi na jingine. Kurudi Uru akamwambie mgonjwa kwamba jani lake limetupwa aliona ni mkosi utakaomwua kabla ya wakati. Akaendelea na safari hadi Voi. Rachel alimpokea kwa furaha, akamchinjia kuku, akamshonea blauzi. Theopista alizungumzia mvua, akazungumzia magoti, na bila jani mkononi hakuona pa kuanzia. Siku ya tatu akarudi.

Mzee alimwuliza jambo moja tu, "Na jani?" Theopista akajibu, "Sikurudi nalo." Ni kweli, hakurudi nalo. Sirili akafumba macho akasema, "Amelipokea." Siku ile ile akamwagiza Yuditha apike mbege, maana aliyepokea isale huja.

Mwezi Mei ulipita. Mbege ikachacha, ikapikwa nyingine. Juni, Julai. Aliomba kitanda kisogezwe karibu na dirisha, tukakisogeza, na hilo ndilo tuliloweza. Yuditha naye, kwenye simu zake za Jumapili, hakumwuliza Rachel, maana mumewe alikuwa amekataza habari ya isale kuguswa kwa simu. Theopista alikuja kila siku akiwa amejiandaa kusema, akamkuta kaka yake anatazama njia, akarudi na neno lake. Kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Mwishoni mwa Agosti Sirili alimwambia mkewe kwa sauti ndogo kwamba Rachel amelipokea na amekaa nalo, basi yeye alimuumiza binti kuliko alivyodhani, naye binti ana haki. Hakuitaja tena habari hiyo. Alitutoka hapa nyumbani Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, asubuhi, Yuditha akiwa amemshika mkono.

Rachel alifika Alhamisi. Siku hiyo hiyo, mbele ya ukoo wote, Theopista aliyatoa aliyoyabeba. Palizuka makelele. Yuditha ndiye aliyeyanyamazisha, akasema mwacheni, sheria ilikuwa sheria na aibu ilikuwa aibu. Wazee wakaulizwa kama inawezekana kumchumia marehemu jani jingine na kulifikisha kwa niaba yake. Walijadiliana kwa muda mrefu, mmoja akasema inawezekana, wengine wakasema mkono uliofunga ndio unaofungua. Mwisho wakakiri kwamba hawajui. Padre naye alisema tuwaombee wote wawili.

Rachel alisogea akakaa karibu na Theopista. Alimwuliza shangazi yake kama jani lilikuwa bichi. Shangazi akamjibu lilikuwa bichi, lilichumwa asubuhi ile. Rachel akasema, "Nilidhani yeye ndiye hanitaki. Simu yangu ilikuwa inapatikana siku zote."

Wasifu wa kwanza tuliouandika ulikuwa mfupi na haukuwa na habari hizi. Ulisema marehemu alikuwa mfanyabiashara mpakani, mcha Mungu, baba mwenye msimamo. Rachel alipopewa auhakiki kabla ya kwenda kuchapwa, alilikata neno msimamo. Akaomba yaandikwe yote, pamoja na ya mpakani, hata kama yanatutia haya. Alisema, "Msimzike kama baba aliyekataa kuniomba msamaha. Aliomba."

Sirili Onesphory Kessy ameacha mjane, Yuditha. Dada, Theopista, ambaye tunaomba asinyooshewe kidole na mtu yeyote. Watoto watatu, Rachel, Herbert na Kindness. Na wajukuu saba. Rachel atakapofika kaburini kutupia udongo, waombolezaji wote mnaombwa msimharakishe. Bwana amfikishie Sirili huko aliko neno la binti yake, ambalo sisi hatukuwahi kulifikisha, na hapo ndipo apumzike kwa amani.